Breki Alizotuachia Kazungu

Malindi, Jumamosi baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia wewe ukiwa umekwenda Mambrui kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko jikoni anakukaangia vya njiani, vya kuwatosha watu wa basi zima, ilhali garini mtakuwa wawili tu, wewe na ami yako. Kesho alfajiri mnaondoka. Barua hii nitaitia ndani ya kijisanduku cha mbele cha gari, uisome ukishafika Nairobi, ukishatandika kitanda chako kwenye bweni la chuo na watu wote wamekuacha peke yako.

Ya kula, ya kuvaa na ya kusali umeshaambiwa na mama yako, na yaliyobaki umeambiwa na kila jirani aliyepita barazani wiki hii. Mimi sitayarudia. Mimi ni muuza vitambaa, na watu wa mji huu wanadhani ninachokijua ni khanga na doria tu. Wewe unajua kwamba kuna kitu kingine. Kila nikikaa kufikiri nikupe nini cha kuchukua, mawazo yangu yanarudi kwenye breki. Mama yako anasema sisi wawili tunazungumza breki kama watu wengine wanavyozungumza harusi. Basi mwache aseme. Nitakuzungumzia breki, na Kazungu, kwa kuwa sijui kuvitenganisha.

Habari zake unazijua nusu. Ulimjua akiwa tayari anatembea na fimbo. Mimi nilimjua akiwa mzima.

Alikuja dukani siku moja kununua khanga ya mama yake. Alikuwa kijana wa Kibarani, Kilifi, dereva wa trekta katika shamba la mkonge lililo ng'ambo ya feri. Hakuitazama khanga hata moja. Alisimama mlangoni akinusanusa.

"Bwana, gari lile la nje ni lako?"

"Langu. Kwani limefanya nini?"

"Breki zinanuka mpaka hapa."

Nikamwambia nilikuwa natoka Gongoni nikikimbia, kwa kuwa barabara ilikuwa tupu. Akacheka. "Kukimbia kila mtu anaweza. Ngoja nikuonyeshe mahali, uone kama unaweza kusimama."

Hivyo ndivyo alivyonipeleka kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege wa shamba la mkonge. Uwanja ulikuwa umeachwa siku nyingi, lakini lami yake ilikuwa bado nzima, na barabara ya magari ya shamba iliuzunguka ikarudi palepale ilipoanzia. Watu wachache walikuwa wakikutana pale Jumapili moja moja kushindana kwa magari yao wenyewe: Mtaliano mmoja mwenye hoteli, Mhindi muuza misumari, daktari wa mifugo, na vijana wawili wa forodhani. Hakuna aliyekuwa dereva wa mashindano. Walikuwa madereva wa ridhaa, watu wenye kazi zao, waliopenda tu jambo lile. Nilipenda tangu siku ya kwanza. Niliporudi nyumbani mama yako aliniangalia usoni akaniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Mimi na Kazungu tukawa tunalitumia gari moja, lile langu dogo la Kijapani, kwa zamu. Wenzetu walikuwa na injini kubwa. Sisi hatukuwa nayo, wala hatukuwa na njia ya kuipata. Lakini Kazungu alikuwa na macho. Alikaa juu ya tairi kuukuu mwisho wa uwanja, pale lami ndefu inapokutana na kona ya kushoto, akawatazama wote wanavyoingia.

"Twahiri," akaniambia, "hawa wote wanaanza kusimama mapema. Wanaogopa. Wanakuja mbio, halafu mbio yote wanaitupa hapa. Sisi tusihangaike na injini. Tutafute breki."

Tukazitafuta. Magurudumu ya mbele ya gari letu yalikuwa na zile breki za ngoma, ambazo zikipata moto hupoteza nguvu, ukakanyaga ukadhani unakanyaga mto wa usufi. Tulikwenda Mombasa mahali wanapochinja magari mabovu, tukatoa breki za diski kwenye gari kubwa lililopondeka nyuma. Hazikuingia. Ikabidi fundi atuchongee vipande vya kushikia, tukabadilisha na ringi za magurudumu kwa kuwa za zamani zilikuwa zinazigusa breki. Tukatia paipu mpya, pampu kubwa zaidi, na pedi ngumu zinazovumilia moto. Kazi hiyo tuliifanya hapa uani, chini ya mwarobaini, Jumapili baada ya Jumapili, na wewe ukiwa na umri wa kutambaa ukila mchanga pembeni.

Siku ya kwanza kuzijaribu nilikuwa mimi kwenye usukani. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyevaa kanzu mpya. Nikaja mwisho wa lami, nikakanyaga, na gari likaendelea na safari yake kama halikunisikia. Nilipita kona, nikapita nyasi, nikasimama katikati ya mbuzi wa watu. Kazungu, aliyekuwa kando yangu, alicheka mpaka akashindwa kufungua mlango.

"Pedi ngumu zikiwa baridi hazishiki," akasema alipopata pumzi. "Lazima uzipashe moto kwanza. Hata wewe ukiamshwa ghafla huwezi kubeba gunia."

Tangu siku hiyo, mzunguko wa kwanza huwa ni wa kuziamsha tu: unakanyaga kidogo, unaachia, unakanyaga zaidi, unaachia. Umeniona nikifanya hivyo mara nyingi, sasa wajua ninawakumbuka mbuzi gani.

Na mguu pia tulijifunza pamoja. Mwanzoni nilikuwa naipiga pedali teke. Magurudumu yakifunga yote, gari likiteleza, usukani unabaki pambo tu mikononi. Kazungu akaniambia nimtazame mama yako anavyokamua tui. Habani kwa ghafla. Anaanza kwa kulikusanya lile chicha, halafu anabana, anaongeza, mpaka mkono wake wote uko ndani ya kazi. Mguu ni hivyo hivyo. Uanze ukiwa umenyooka, gari likusanye uzito wake mbele, liinamishe pua, ndipo ubane kwa nguvu zako zote. Halafu kadiri usukani unavyoanza kuzunguka, unaachia taratibu, taratibu, bila kuitupa. Aliniambia watu wengi hujifunza kukanyaga tu, na kwamba kuachia ndiko kugumu.

Miaka ile ilikuwa mizuri, Rukia. Sijui kama wakati ule nilijua kuwa ilikuwa mizuri. Tulikuwa tunatoka hapa kabla jua halijachoma, tunapanga foleni ya feri Kilifi, Kazungu akishuka kununua korosho na kahawa chungu, tunavuka, tunaingia shambani, na siku nzima hatuzungumzi ila gari. Kurudi, mara nyingi hatukuzungumza kabisa. Sijapata tena mtu wa kunyamaza naye namna ile.

Sasa ile siku. Ulikuwa na umri wa miaka kumi, mwaka mlioanza kupewa maziwa ya Nyayo shuleni. Unakumbuka kiatu chako kilichopotea, umeniambia. Mimi nitakuambia niliyoyaona.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha karibuni. Zamu ya kuendesha ilikuwa ya Kazungu. Mimi, wewe na mama yako tulisimama mwisho wa lami, nyuma ya magunia ya mchanga, pamoja na watu wengine wengi. Kila mtu alipenda kusimama pale, kwa kuwa pale ndipo unapowaona madereva wanavyopiga breki. Kazungu alikuwa anaongoza. Alikuwa amempita Mtaliano kwa kuchelewa kusimama, tena mara mbili, na watu walikuwa wanapiga vigelegele.

Kando ya lami kulikuwa na pipa jekundu. Kazungu alikuwa anaanza kukanyaga akilifikia pipa lile, na mimi nilizoea kuiona pua ya gari letu ikiinama palepale. Akaja. Akalifikia pipa, akalipita, na pua haikuinama.

Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliiona pua ikitikisika kidogo, ikitikisika tena, nikajua anaipampu pedali na inazama bure. Nikasikia anateremsha gia, injini ikipiga ukelele. Nilikunyanyua wewe kwa mkono mmoja kama furushi, kwa mkono mwingine nikamsukuma mama yako, nikawapigia watu kelele waondoke. Hapakuwa na nafasi ya kuondoka. Tulikuwa tumebanana. Gari lilikuwa linakuja sawasawa kwetu.

Halafu likageuka, likaiacha lami na kuingia katika mkonge, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, majani yakikatika kwa sauti ambayo mpaka leo hunishtua nikimsikia mtu akipasua kitambaa dukani mwangu.

Nilipomfikia, mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Sehemu ya mbele ilikuwa imeingia ndani na kumbana mguu wa kulia. Hakulia. Aliniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na mamake. Yuko salama."

"Mulungu ashukuriwe. Basi nitoe polepole, Twahiri. Mguu huu hauniitikii."

Goti lile halikukunjika tena maisha yake yote.

Tulipolifungua gari baadaye, kila kitu tulichokibadilisha kilikuwa kizima. Diski nzima, pedi nzima, paipu nzima. Tatizo lilikuwa mafuta ya breki. Mafuta yale hunywa unyevu wa hewa, kidogo kidogo, na hewa yetu sisi ya pwani wewe unaijua, hata chumvi mezani inalowa. Yalikuwa yamekaa humo tangu mwaka uliotangulia. Breki zilipopata moto wa siku ile, maji yaliyomo yakachemka yakawa mvuke, na mvuke haubani kitu. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini. Tulikuwa tumebadilisha kila kinachoonekana, tukasahau kisichoonekana, mimi na yeye pamoja. Ndiyo maana wewe unayamwaga yale mafuta na kutia mapya kabla ya kila mashindano, hata kama ya zamani yanaonekana safi. Nairobi hewa yake ni kavu. Usiiamini kwa hilo.

Nilimwendea Kazungu hospitali, na baadaye Gongoni, kwa dada yake, alikohamia kwa kuwa kuendesha trekta asingeweza tena. Alipata kazi ya kukaa langoni kwenye mashamba ya chumvi. Nikamwambia nataka kuliuza gari.

Ndiyo siku pekee aliyonikasirikia.

"Ukiliuza, mimi nitakuwa nimevunjika kwa kitu gani? Litengeneze. Litie mabomba ya kupitisha upepo kwenye diski, zisipate moto hivyo tena. Uliendeshe."

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikaa moyoni: ilikuwaje akaukuta mkonge, ilhali gari lilikuwa limeshashika njia ya kuja kwetu.

Alipangusa kwanza chumvi kwenye fimbo yake.

"Nilikuwa nawatazama nyinyi," akasema. "Niliiona kanzu yako, nililiona gauni la mtoto. Na gari linakwenda mtu anakotazama, wewe unajua. Kadiri nilivyowatazama ndivyo nilivyokuwa nawajia. Basi nikajilazimisha kuyatoa macho kwenu. Nikautazama mkonge. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, Twahiri. Mguu haukuwa na kazi tena. Kazi ilikuwa kuyang'oa macho."

Rukia, sijui kuliongezea neno jambo hili. Nimeliandika ili ulijue lote.

Gari nililitengeneza kama alivyosema. Nikarudi uwanjani. Lakini sikuwa mtu yule tena. Breki zilikuwa bora kuliko zilivyopata kuwa, na mimi nilianza kukanyaga mbali kabisa, kabla hata ya kulifikia pipa. Kila mwezi nilijiambia leo nitasogea mbele, na kila mwezi mguu ulinitangulia. Nilidhani huo ni uangalifu. Kumbe nilikuwa natumia breki nzuri kufanya kazi ya woga, na nilifanya hivyo hata nje ya gari. Nilikataa kufungua duka la pili Kilifi. Nilimkataza mama yako asiende kwa ndugu zake Unguja. Wewe ulipotaka kwenda shule ya bweni nilikukatalia, ukalia siku mbili. Yote hayo nilikuwa nasimama kabla sijaiona kona. Usinichukulie vibaya ukikumbuka. Mtu aliyeiona pua ile ikikataa kuinama hujifunza kuwahi, na kuwahi kukizidi kunakuwa ugonjwa.

Kazungu ndiye aliyeliona. "Wewe huendeshi tena," akaniambia. "Wewe unaswali kwa mguu. Niletee mtoto."

Nilikuleta. Ulikuwa umetimiza kumi na sita. Zile barabara ndefu katikati ya mabwawa ya chumvi, nyeupe pande zote, hazina mti wala mtu, zilikuwa zawadi kwa mwalimu. Yeye alikaa kando yako, mguu wake umenyooka mbele kama mpini, mimi nikakaa nyuma na roho yangu mkononi. Sikuwahi kumsikia akikugombeza. "Mapema," alikuwa anasema. Au, "Umeitupa, iachie kwa adabu." Siku moja baada ya miezi mingi ulipiga breki, gari likainama, ukaachia, likazunguka kama linalojua njia ya nyumbani. Nilimwona Kazungu kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje dirishani, machozi yanamtoka.

Alipokufa mwaka jana kwa homa, wewe ulikuwa na mitihani na hukuwahi mazishi. Nilitia udongo mara mbili, moja yangu na moja yako. Dada yake aliniambia kwamba katika siku za mwisho alikuwa akiwauliza watu kama barua uliyokiandikia kile chama cha madereva wa ridhaa cha Nairobi imeshajibiwa, kama wamekukubali. Hakuwahi kupata jibu. Wewe umelipata, na chuo cha ufundi umekipata, na sasa gari linakwenda nawe, na uani chini ya mwarobaini patabaki doa la oili. Mama yako ameshasema atalisugua. Nimemwomba aliache kidogo.

Sijui nitafanya nini Jumapili, mwanangu. Huo ndio ukweli. Nimekuwa na mtu wa kunipa spana kwa miaka minne. Nimezoea kukusikia ukiimba chini ya gari nyimbo za kwenye redio kwa maneno usiyoyajua. Nimezoea ukiingia na mikono myeusi ukiniambia "Shikamoo Baba" huku umeificha nyuma mama yako asiione. Leo asubuhi nilisikia bomba la uani linatiririka nikatoka nikidhani ni wewe unanawa. Alikuwa jirani. Nawe hujaondoka bado.

Nataka nikuambie na ya Jumapili iliyopita, kisha nifunge, kwa kuwa nasikia mama yako ananiita nikaonje bajia.

Tulikwenda uwanjani mara ya mwisho, mimi na wewe peke yetu. Uliniambia, "Baba, kaa huku," ukanionyesha kiti cha kushoto. Ulizipasha pedi mzunguko mzima bila kuambiwa. Halafu ukalifungua gari katika ile lami ndefu, na mimi nikaanza kutafuta mahali ambapo mimi ningekanyaga. Tukapapita. Nikatafuta mahali ambapo Kazungu angekanyaga, tukapapita hata hapo. Nikaugundua mguu wangu wa kulia umeshindilia sakafu kwa nguvu, na mbele ya mguu ule hakuna pedali yoyote, bati tupu.

Ndipo ukakanyaga. Pua ikainama, ukabana, ukaachia, tukatoka upande wa pili tumenyooka.

"Baba," ukasema bila kunigeukia, "mguu."

Ulikuwa umeuona. Tukaja mzunguko wa pili, nami nikaikunja miguu yangu yote miwili chini ya kiti, nikaishikilia huko. Tukalipita pipa. Sikukanyaga kitu. Uliniuliza tuliposimama kama niliogopa, nikakuambia hapana, nawe ukacheka kwa kuwa hukuniamini. Hukukosea. Niliogopa, mwanangu, lakini si kona niliyoiogopa. Nilikuwa nimekaa katika kiti kile nikaona wazi kwamba unaweza kwenda nikiwa sipo ndani yake, na mimi nilikuwa nimekipenda kiti hicho.

Mungu akufikishe. Ukifika piga simu dukani kwa yule Mhindi wa misumari, atanitumia mtu. Nitakuja mbio.

Babako,
Twahiri